Santuri Iliyokosa Nafasi Rafuni

3 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokipata kwenye baridi ya ghala kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Mimi nimemaliza mtihani wa mwisho, nimerudisha vitabu vya shule, na sasa nashinda nyumbani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu maneno hunikimbia, nawe unaishia kusema, "Haya, mpe Mama."

Shirika la redio linataka kurudishiwa nyumba yake. Kwa kuwa Baba hayupo tena kwenye orodha ya mafundi mitambo, tunatakiwa kuhama ifikapo mwisho wa Juni. Mama amenipa kazi ya kufunga vitu vya chumba cha mbele. Vyote nimevifunga isipokuwa rafu ya santuri. Nashindwa kuiondoa wakati mpangilio wake haujakamilika. Unakumbuka sheria yetu sisi wawili na Baba: santuri bora inakaa mwanzo, upande wa kushoto, na hakuna inayosogezwa bila kura mbili kati ya tatu, tena baada ya kuisikiliza yote mmekaa kimya. Wapiga kura tumebaki wawili. Sasa hivi ya kwanza ni Nyumba ya Vioo, ya pili Samaki Mwenye Taji, ya tatu Saa Isiyo na Mishale. Mimi naomba Bata Wawili ipande iwe ya tatu.

Naomba na jambo jingine. Kwenye mazishi ya Baba hukuja, na sikuulizi kwa nini. Njoo kabla hatujaitoka nyumba hii.

Gramafoni Mama hataki iguswe. Siku ile aliporudi kutoka sokoni alimkuta Baba amefariki kitini na santuri inazunguka. Alichomoa waya ukutani, akatupia shuka juu yake, akakimbilia kwa jirani. Shuka hiyo iko pale pale. Nikipita hapo najikuta nanyata, kama mtu anayepita mlangoni pa mgonjwa.

Mdogo wako

15 Mei

Kwako Bubu wetu,

Marahaba. Kikohozi kimepungua, ila fundi wa majokofu hawezi kupona kabisa. Nikitoka kwenye baridi naingia kwenye jua, nikitoka kwenye jua narudi kwenye baridi. Mpe Mama salamu zangu nyingi, na umwambie ale.

Bata Wawili ya tatu? Hivi huko nyumbani mnakunywa maji gani? Ile si progresivu, ile roki ndefu yenye kuthubutu, hata kidogo. Ni nyimbo za kubembelezea watoto zilizovishwa suti. Hakuna wimbo unaofika hata dakika saba, mapigo ni yale yale mwanzo hadi mwisho, na hiyo filimbi ni ya kujionyesha tu. Iite roki laini, iite muziki wa sebuleni. Kura yangu ni hapana.

Kuhusu kuja, mdogo wangu, niache. Ulikuwa mdogo, labda hukuelewa kilichotokea. Mimi na wenzangu watatu wa bendi tulihangaika na santuri yetu miaka miwili. Nilimletea Baba nakala ya kwanza kabisa. Aliisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni kama mshitakiwa. Haikufika mwisho akaitoa, akasema, "Hii ni dansi." Basi. Akaipeleka jikoni, akaiweka juu ya kabati pamoja na santuri za Mama za kuchezea dansi. Hakuipa ya ishirini, hakuipa ya mwisho. Hakuipa nafasi kabisa. Mtu aliyenifundisha tangu nikiwa na meno ya utoto kwamba muziki unaoingia rafu ile ni ule unaothubutu.

Chumba kile siwezi kukiingia. Hata hapa kazini, mashine kubwa inapobadilisha mngurumo, huwa namsikia akikohoa vile alivyokohoa kabla ya kutoa hukumu. Nageuka, naona mapipa tu.

Kaka yako

22 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika na sote tu wazima. Mama ameisoma sehemu ya salamu, akacheka kidogo.

Sikubaliani nawe kuhusu Bata Wawili. Unapima kwa saa na kwa rula. Mimi nadhani jina la progresivu halitokani na urefu. Linatokana na wimbo kukupeleka mahali ambapo hukujua unaelekea, na ukifika hutaki kurudi. Filimbi ile inafanya hivyo. Darasani nisingeweza kuyasema haya, ningetetemeka, lakini kwenye karatasi naona naweza.

Halafu nikawaza kwamba, kama ni hivyo, yenu nayo ingestahili kusikilizwa upya. Nikaenda jikoni kuitafuta juu ya kabati. Haikuwepo. Nikamuuliza Mama. Akanijibu huku anaosha sufuria, "Muulize baba yako." Alipotambua alichosema aliacha kuosha, akatoka nje. Sufuria ilibaki na povu mpaka nilipoimalizia mimi.

Kaka, Mama alipokuwa nje niliondoa ile shuka na kufunua kifuniko. Santuri iliyomo ni yenu. Sindano bado iko juu yake. Baba alikuwa anaisikiliza yenu.

Sikugusa kitu. Nimeifunika tena. Njoo, tafadhali.

Mdogo wako

1 Juni

Mdogo wangu,

Salama? Mimi niko kazini.

Sikutegemea jambo kama hili kutoka kwako. Unanitungia. Ulijua kabisa kwamba nikisoma maneno yale nitapanda basi siku hiyo hiyo. Mambo ya marehemu hayachezewi, hata kwa nia nzuri.

Kama kweli iko pale, nijibu swali moja, na unijibu jinsi ilivyo. Lebo iliyo juu imeandikwa upande wa kwanza au upande wa pili?

Kaka yako

6 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Tu wazima. Natumaini nawe pia, ingawa umekasirika.

Nimekaa na swali lako muda mrefu, kwa sababu najua jibu ulilonitegea. Baba alianza na upande wa pili siku zote, hata na santuri mpya kabisa. Alisema upande wa kwanza ndio wa kuuzia dukani, upande wa pili ndipo wanamuziki wanaposema ukweli. Kwa hiyo ningekuwa natunga, ningekuandikia "wa pili" na ungeamini.

Lakini umesema nikujibu jinsi ilivyo. Nimefunua tena, nimeinama na kusoma kwa karibu. Lebo ya juu imeandikwa upande wa kwanza. Sijui kwa nini. Sindano imesimama karibu na mwisho, imebaki kama upana wa kidole ifike kwenye lebo.

Najua sasa hutanisadiki, na huenda usije. Sina jibu jingine, hilo ndilo lililopo.

Mama ameanza kufunga vyombo. Chumba cha mbele kimebaki na kiti cha Baba, rafu na gramafoni. Kikiwa kitupu hivi, hata mimi nikivuta pumzi nasikia kama kuna mwingine anayevuta.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mama hajambo? Samahani kwa kukaa kimya. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara mkono ulikataa.

Ngoja nikueleze jambo ambalo tulilijua sisi wanne tu. Kiwandani walibandika lebo kinyume. Upande ulioandikwa wa pili una zile nyimbo tatu fupi ambazo mwenye studio alitulazimisha tuziweke, ili santuri iuzike. Ni dansi kweli, hakukosea. Wimbo wetu mrefu, ule tuliouhangaikia, uko upande ulioandikwa wa kwanza. Mpiga ngoma wetu ndiye aliyegundua, wiki ile ile niliyogombana na Baba. Aliniambia nirudi nikamweleze mzee. Nikamjibu kwamba mtu mwenye hamu na kazi ya mwanawe angegeuza santuri mwenyewe. Sentensi hiyo nimetembea nayo miaka yote hii, nikiirudia peke yangu kwenye korido za majokofu.

Wewe hukuyajua haya. Kama ungekuwa unatunga, usingeandika "wa kwanza". Nisamehe kwa ukali wangu.

Aligeuza. Sijui lini, sijui alichokuwa anatafuta. Lakini aligeuza.

Na hapo unaposema sindano imesimama, napajua. Vyombo vyote vinanyamaza, kinanda kinabaki peke yake, na baada ya hapo ndipo ninapoimba mimi. Kwenye wimbo mzima siimbi mahali pengine. Umeme ulikatwa kabla sauti yangu haijaingia. Sijui kama alipofika pale bado alikuwa anasikia.

Usiinue sindano. Usichomeke waya. Nimeomba ruhusa kazini, nakuja tarehe ishirini na nane. Mwambie Mama, lakini mwambie taratibu.

Kaka yako

6 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na basi halikukusumbua njiani. Sisi tumekwisha kuhama. Nyumba mpya ni ndogo, lakini maji yanatoka, na Mama jana alikula sahani nzima.

Uliondoka alfajiri bila kuongea sana, nami sikukulaumu. Ila kuna mambo hukuyaona, kwa sababu tulipochomeka waya ulikuwa umekipa chumba mgongo, paji la uso liko ukutani. Nakuandikia ili uyajue.

Santuri ilianza kuzunguka kivivu, sindano ikiwa ndani, na kile kinanda kikatoka kwa mngurumo mzito kutoka chini, kikipanda na kupanda kama mtu anayeamshwa asiyetaka kuamka. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba. Mlio ulipokaa sawa na sauti yako ilipoingia, ile ya ujana, nyembamba kuliko ya sasa, Mama alisogea upande mmoja wa kiti. Alisogea kabisa, Kaka, akaacha nafasi, kama mtu anayempisha mwenzake akae. Alibaki hivyo hivyo mpaka mwisho, na mkono wake ulikuwa juu ya ile nafasi.

Baadaye ulipogeuka ukauliza, "Sasa huu muziki tunauitaje?" alikuwa amesharudi katikati, ndiyo maana ulimwona wa kawaida alipokujibu, "Unaitwa umekwisha. Inua sindano hiyo, inakwaruza."

Kisha kura. Mimi nilisema ya pili. Wewe ulikataa kupiga. Mama, ambaye maisha yake yote aliita rafu ile makelele ya kulipia, akasema, "Ya nne. Baba yenu asingeipa ya pili, msimsingizie." Nilikuona ulivyomtazama. Ulidhani anatania ili kupunguza uzito, hata mimi nilidhani hivyo.

Jana tulipokuwa tunapanga rafu hapa, nilimuuliza kwa nini ya nne na si ya tano au ya kumi. Akaendelea kufuta vumbi. Halafu akasema kwamba siku ile asubuhi, akijiandaa kwenda sokoni, Baba alishusha santuri yako kutoka juu ya kabati la jikoni na kupita nayo mbele yake. Mama akamuuliza, "Hiyo tena?" kwa sababu ilikuwa wiki ya tatu anaishusha na kuirudisha. Baba akamwambia anaiona ni ya nne. Mama akamtania, akamwambia basi mwandikie mtoto umwambie. Baba akakohoa kile kikohozi chake, akasema atakuandikia jioni, anataka kwanza kusikia tena pale mwisho, unapoimba.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakutuambia siku zote hizi. Akasema aliogopa ungeuchukia wimbo wako.

Nikamuuliza kama naruhusiwa kukuandikia. Akanitafutia kalamu.

Mdogo wako