Chupa Kumi na Mbili za Papa

Jumatatu, 5 Februari 2024

Baba mukubwa Hategekimana amenipa kazi. Tarehe 18 itakuwa miaka mbili tangu Papa afe kule Masisi, na anataka tumukumbuke na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, lakini ya chupa, siyo ile ya jerikani. "Yenye gesi, Charline, kama ya dukani." Mimi! Tangu nikimbilie kwake hapa Katoyi, ni kufagia na kuteka maji tu. Niko mutoto pekee wa Papa, basi pombe yake itapita mu mikono yangu. Nimefurahi mpaka nasikia haya.

Jumanne, 6 Februari

Jirani yetu Mama Nshobole anauza kasiksi miaka mingi. Amenionyesha. Chuja na kitambaa, weka nusu kijiko ya sukari kwa kila chupa, funga. Pombe itakula ile sukari na kutoa gesi. Juma moja mahali pa joto, halafu siku mbili za baridi, chupa zisimame ili machicha yashuke. Moja iwe ya plastiki—ukiiminya ukakuta imekuwa ngumu kama jiwe, na zingine ziko tayari. Nimejaza kumi na nne za kioo. Nimezipanga nyuma ya mbabula ya makaa.

Ijumaa, 9 Februari

Mabomu ku Sake, njia ya kwenda Masisi, tangu asubuhi. Watu wanaingia mujini na magodoro ku kichwa. Shamba letu la migomba, lile la kilimani Papa aliloniachia, baba mukubwa anasema tusilitaje kwa sasa, njia imefungwa.

Chupa mbili zimepasuka. Siyo bomu, ni mimi—hizo mbili niliziwekea kijiko kizima, nikizani kuzidisha ni kumuheshimu Papa. Mupumbavu. Nilingoja kugombezwa, lakini baba mukubwa alicheka: kumi na mbili zinatosha, wageni ni wachache. Akauliza kama kikombe cha bati cha Papa ningali nacho. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho Masisi. Akasema nitaonjea humo, mbele ya wote. Nimelia kidogo.

Jumatano, 14 Februari

Plastiki imekuwa ngumu!

Leo nimekumbuka siku Papa alipomuuzia jirani kipande cha shamba. Nilikuwa na miaka kumi. Karatasi ilikuwepo, lakini watu walingoja pombe. Papa akaonja wa kwanza kwa sababu ndiye aliyeuza, mashahidi wakafuata. Jioni nikamuuliza kama tunaweza kukirudisha. Akasema: "Nimekwisha kunywa." Tangu siku ile hata ndizi moja hatukuchuma kule.

Ijumaa, 16 Februari

Courant hakuna, umeme umekatika siku ya tatu. Frigo ya Mama Nshobole haipozi tena, imekuwa kabati. Nimeweka chupa mu beseni la maji ya ziwa, gunia lenye kulowa juu, pale mulangoni penye upepo. Nabadilisha maji asubuhi na jioni. Baba mukubwa anakuja kugusa kila mara. Mugeni hapewi pombe ya moto, anasema, ni kumutukana.

Jumapili, 18 Februari

Wageni watano. Hakuna padri. Hakuna rozari. Picha ya Papa haiko. Kuna Bwana Lionel wa Himbi, mutaa wa matajiri, viatu safi, na karatasi ku meza. Nilipopeleka glasi nimesoma: Acte de vente, karatasi ya kuuza. Mununuzi, Bwana Lionel. Jina la kilima chetu. Jina la Papa. Chini yake jina langu, na nafasi ya sahihi.

Na baba mukubwa akiwaambia: mutoto ameitengeneza mwenyewe, kwa mapenzi yake, na mwenyewe ataionja.

Kwa mapenzi yangu. Mimi niliyekuwa nabadilisha maji. Ndugu ya Papa, tumbo moja! Alijua kwamba nikiulizwa nitakataa, basi hakuniuliza. Aliniacha nijifunge mwenyewe, chupa moja moja. Nimemuchukia.

Niko mu jikoni, kitabu hiki ku magoti, naandika. Ameita: "Charline, leta."

Nimejibu haijapoa.

"Charline, wageni wanangoja."

Bado, baba mukubwa. Iko moto.

Sijawahi kumudanganya. Chupa ziko baridi mpaka vidole vinauma. Machicha yote yameshuka. Hata Mama Nshobole hangezifanya vizuri zaidi.

Nasikia kiti chake kinasogea. Anawaambia wamuvumilie kidogo, anakuja kugusa mwenyewe.