Sifuri ya Mama Verdiana

Jumatatu, 2 Juni 2025

Daktari wa mifupa ameondoka kwenda masomoni. Wodi yote ya mifupa hapa Muleba imebaki kwangu. Mimi, mwenye leseni ya udaktari ya miezi mitano tu! Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi. Mganga mfawidhi anasema nisiogope, siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Haya. Jioni nimepanda kilimani nyuma ya jiko, ndipo mtandao unapokamata, nikapakua app tatu za bure za madaktari wa mifupa. Moja inapima pembe ya mfupa uliovunjika. Moja ina mafunzo na hatua za upasuaji. Ya tatu ina nyuso za kupimia maumivu: mgonjwa anagusa uso, simu inaandika namba. Bando limekwisha palepale. Angalau siko peke yangu.

Jumanne, 3 Juni

Mama Verdiana, miaka sitini na mmoja, mkulima. Ameteleza shambani akikata mkungu wa ndizi, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Eksirei nimeipima kwa app. Pembe nzuri, hauhitaji vyuma. Nimemfunga hogo zima, plasta toka pajani hadi karibu na vidole. Laini kama la kwenye video ya app! Binti yake Felicitas ametupiga picha. Mama mwenyewe, amelala hapo na mguu uliovunjika, akanisalimia salamu yote ndefu ya Kihaya kana kwamba nimemtembelea nyumbani kwake. Kisha: kasinge waitu, asante mwanangu. Leo nitalala kwa raha.

Jumatano, 4 Juni

Raundi. Nikampa simu. Nyuso sita, wa kwanza unacheka, wa mwisho unalia. Akaziangalia zote bila haraka, akagusa unaocheka. Sifuri. Nikaandika sifuri. Nesi Esther akanivuta pembeni: huyu mama hakulala, usiku kucha alikuwa anang'ata kitenge. Nikamjibu — tena kwa sauti, mbele ya watu! — kwamba app inasema sifuri. Akarudi kwa wagonjwa wake. Saa kumi nikarudia. Sifuri tena. Panado mbili, nikapita.

Alhamisi, 5 Juni

Mungu wangu.

Saa moja asubuhi vidole vyake vimevimba, vya baridi. Nikakinyoosha kimoja kidogo tu, mama akapiga ukelele — mawe, mama yangu! — wodi nzima ikageuka. Hogo nimelikata kwa kisu na mkasi, msumeno wa kulikatia ni mbovu tangu mwaka jana. Shavu la mguu gumu kama ubao. Misuli imevimba ndani, imejibana yenyewe, damu haipiti. Nilipaswa kumwekea nusu plasta, nyuma ya mguu tu, uvimbe upate nafasi. Na ipo kwenye app! Ukurasa uleule, chini ya video. Sikushuka mpaka chini.

Halafu nikamfokea Felicitas. Kwa nini hamkusema? Akaniangalia. Anasema mama alimwambia: yule binti kahangaika na mguu wangu saa nzima, nitamgusiaje uso unaolia? Ataona namwambia kazi yake mbaya. Yaani alinionea haya! Yeye ananitunzia heshima, mimi naandika sifuri. Mjinga. Mjinga mkubwa mimi.

Dokta Rutaihwa, bingwa wa Bukoba, nimempata kule kilimani baada ya kupiga mara tisa. Gari letu la wagonjwa limempeleka mjamzito, halirudi kabla ya saa nane. Anasema usingoje, fungua wewe. Pasua ngozi na ule utando unaobana misuli, pande zote mbili. Ukikuta misuli hai, mguu tutauokoa. Ukikuta imekufa, itabidi ukate. Sijawahi! Nimeona mara moja tu, chuoni, nyuma ya migongo ya wenzangu. App ina hatua kumi na moja. Ya kwanza inasema: mwite bingwa.

Saa nne na nusu. Esther anachemsha vyombo. Naandika wakati nangoja vichemke. Nimeenda kwa Mama Verdiana, nimepiga magoti, nimemwambia kosa ni langu, hogo nililibana mimi. Akanishika kichwa. Basi mwanangu, usilie, mbona hauumi tena. Kweli kabisa, umetulia.

Nikakibinya kidole gumba cha mguu wake kwa kucha, kwa nguvu zangu zote. Aliendelea kunibembeleza. Hakusikia kitu. Mishipa ya fahamu inakufa.

Mumewe, Mzee Rwegasira, amefika. Amesimama mlangoni na fomu ya ridhaa. Anasema ameisoma yote, ila pale kwenye aina ya upasuaji pako wazi. Andika kwanza, dokta, ni kufungua au ni kukata, ndipo nitie sahihi. Na mimi sitajua mpaka niufungue. Amenyoosha mkono anipe fomu. Nimemwambia asubiri kidogo natafuta kalamu, na kalamu ni hii ninayoandikia.