Pa Kulala Roma

Baba Alute,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Mama yako ameshakunywa wake.

Ulipotoka na ng'ombe ukinicheka kwamba nakwenda kuhiji Roma na bado sijachagua pa kulala, kwa masista au kwenye nyumba ya mahujaji, balozi wetu wa nyumba kumi aliingia. Nilimkaribisha uji, akakataa hata kuketi. Akawa anagonga nguzo za tembe letu kwa fimbo, moja moja.

"Huko Roma umepata pa kulala?" akaniuliza.

"Bado nachagua."

"Una bahati. Huku hakuna anayechagua tena. Malori ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa yameshafika Issuna."

~~Siendi tena.~~ Naenda. Gari la Padre linapiga honi na wenzangu wamo ndani. Nitalala kwa masista.

Ukisikia malori, mtoe mama kwanza, hata akigoma. Usibishane na mgambo, nakujua. Ng'oa mlango uondoke nao, mbao hazipatikani.

Na popote watakapowashusha, mpelekee katekista jina la kijiji hicho, ili nikirudi nijue nyumbani ni wapi.

Mama Alute