Miwani ya Taa na Zamu Yako ya Kupura

Mpendwa mke wangu, Mama Restituta,

Niwie radhi kwa kunyamaza muda mrefu. Nilipokuwa chuoni Tabora nilikuandikia kila juma, nawe ulinijibu hata pale ulipokuwa huna la kueleza isipokuwa mvua na mbuzi. Tangu tulipokuzika, mahindi yamevunwa na mengine yamepandwa, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa na neno ambalo si kilio. Sasa ninalo, na sijui mwingine wa kumweleza.

Usingizi ulinihama. Nilikuwa nikilala upande wangu wa kitanda, macho wazi, hadi majogoo. Asubuhi moja nilikwenda kuwafungulia mbuzi, nikasinzia nimesimama, nikaanguka na kupasuka paji la uso. Daktari alinipima shinikizo la damu akatikisa kichwa. Resti alipanda bodaboda kutoka kwake Izia, akanikuta nimefungwa bendeji.

"Baba, mwaka huu nimezika mara moja," alisema. "Inatosha."

Unamfahamu binti yako. Akishasema hivyo huwa hasemi tena, anatenda. Alinipeleka kwa kijana aitwaye Masunga, mtoto wa wafugaji walioshuka bondeni Kaoze na ng'ombe wao zamani. Amejifunza huko Dar es Salaam namna ya kumlegeza mtu mpaka awe katikati ya kulala na kuwa macho, kisha humwongoza kwa maneno. Ili kumfikisha hapo hutumia mwanga na sauti. Jirani yetu Kasiano alipopata habari hakuniacha.

"Mwalimu, watu wanatoka mikoa ya mbali kuja Sumbawanga kutafuta waganga wa mizizi," alisema. "Wewe mwenyeji umekwenda kwa mganga wa umeme?"

"Si mganga," nilimjibu.

"Basi akikuwasha, upite kwangu. Taa ya uani imeungua."

Ungecheka. Mimi sikucheka.

Masunga aliniamkia kwa adabu, akaniuliza kama nimewahi kuanguka kifafa, maana mwanga unaometameta waweza kukiamsha. Nilipokana, alinivika miwani myeusi yenye vitaa vidogo kwa ndani, akaniagiza nifumbe macho. Kisha akanivika vipokea sauti masikioni. Mwanga ulipiga juu ya kope, mwekundu, halafu wa rangi ambazo sina majina yake. Masikioni kulikuwa na mvumo, na ndani ya mvumo kulikuwa na mapigo: du, du, du.

"Mzee, toa cha sikio moja," alisema. Nilitoa. Mapigo yakatoweka, ukabaki mvumo mtupu. Nikarudisha, yakarudi.

"Sikio la kushoto linapata mlio wake, la kulia linapata mwingine unaotofautiana nao kidogo sana," alieleza. "Hayo mapigo hayamo katika mlio wowote. Kichwa chako ndicho kinachoyafanya, kutokana na milio yote miwili."

Nimefundisha miaka mingi na sikuwahi kusikia jambo hilo. Lakini nililijua, Mama Resti. Nililijua kutoka uwanja wetu wa kupuria ulezi.

Unaukumbuka ule mwezi wa saba wetu wa kwanza, baridi ya Ufipa inauma masikio, uwanja umepakwa samadi ukakauka ukawa mgumu kama sakafu? Wewe upande ule na fimbo yako, mimi upande huu na yangu. Nilikuwa mgeni wa kazi hiyo kwa sababu utoto wangu ulipitia bweni la misheni, na nilipiga kwa pupa. Ulinisimamisha mbele ya mama yako.

"Usiniwahi, Mwalimu. Ngoja nishushe, ndipo ushushe."

Mama yako alijifunika kanga usoni ili nisimwone akicheka. Baadaye tukaelewana. Yako ikishuka, yangu inapanda, na kati yetu ukatokea mwendo ambao haukuwa wako wala wangu. Makapi yalituwasha shingoni na hatukusimama kujikuna.

Masunga aliponiambia nichague mahali penye utulivu, sikuchagua. Nilijikuta hapo. Nilikuona na kilemba chako cha kijani. Nilijibu maswali yake kwa Kifipa, naye hakukielewa, ikabidi Resti amtafsirie. Usiku ule nililala mpaka kengele ya kanisa. Mara ya pili vilevile. Rangi imenirudi, Resti anasema, na shinikizo limeshuka.

Mara ya tatu umeme ulikatika. Mwanga ukazimika, mapigo yakanyamaza, nikafumbua macho nikamwona binti yako amejiinamia analia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu, umekunja ngumi, umeganda hewani. Nilikuwa nasubiri zamu yako ipite.

Sasa nikueleze ninalolihofu. Zamani za kukesha, kila alfajiri nilikusikia ukipuliza moto jikoni. Nilijua si kweli, lakini nilikusikia. Tangu nianze kulala, alfajiri ni tupu. Juzi nilijaribu kukumbuka sauti yako ukiniita kutoka kisimani, nikapata maneno bila sauti.

Masunga anataka mara ijayo aniongoze mpaka uwanjani, nikuage, kisha niiweke fimbo chini. Anasema hapo ndipo usingizi utakapotulia. Nilimwuliza kama nikiiweka chini nitaweza kukuona tena.

"Siwezi kukuahidi, Mwalimu," alisema. "Wapo wanaobaki na kumbukumbu bila maumivu. Wapo wanaosema imefifia."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Resti ananitazama kila ninapokula. Najua anachosubiri, na najua mwanangu hastahili kaburi la pili. Padre anasema si dhambi. Kasiano naye, safari hii bila mzaha, alisema, "Lala, ndugu yangu. Amekwenda." Nilikwenda kusimama uwanjani petu. Majani yameota katikati, kwa kuwa hakuna aliyepura hapo tangu uondoke, na mtu mmoja hawezi kuufanya ule mwendo.

Uliniagiza nisikuwahi, nikatii miaka yote. Wewe ndiye uliyeniwahi.

Fimbo yangu ingali juu, mke wangu, na mkono umechoka. Ama nitaishusha, ama nitaendelea kukesha nawe hadi mwisho wangu. Nitakapoamua, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuandikiwa, kabla ya Resti, kabla ya Masunga. Pumzika huko uliko.

Mimi mumeo,
Baba Restituta