Mapazia Yaliyokosa Marinda

Chumba cha Karani,
Karakana ya Mapazia.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hujaendelea, tafadhali funga mlango. Haya yabaki kifuani mwako, na zaidi ya wote asiyasikie kaka yako, baba yangu. Ukimaliza kusoma, ifiche barua mahali ambapo hata binamu zangu wapekuzi hawafiki.

Hujambo lakini? Goti limepoa? Baridi ya huko imekuzoea, au bado mnagombana? Sisi tu wazima. Mama kikohozi kimemwachia. Mimi nakula vizuri, ila usingizi ndio unanikimbia.

Baba anawaambia watu kwamba nafanya mafunzo ya vitendo kwenye kampuni ya madaraja. Shangazi, daraja lenyewe sijaliona. Kampuni zote za ujenzi nilizoomba zilisema nafasi zimejaa, na chuo hakitoi cheti cha uhandisi bila mafunzo ya kazini. Mwalimu wangu akanipatia nafasi ya ukarani kwenye karakana ya mapazia, na chuo kikakubali kuihesabu. Nyumbani nilisema tu kwamba nimepata nafasi. Daraja baba aliliongeza mwenyewe, nami nikakosa ujasiri wa kulibomoa.

Siku ya kwanza nilipofungua mlango, harufu ilinipokea: mafuta ya cherehani, pasi ya moto, kitambaa kipya. Ilikuwa harufu ya chumba chako cha kushonea. Nilisimama pale nimeduwaa, mpaka fundi mkuu, mama mmoja wanayemwita Kengele kwa ukali wa sauti yake, akaniuliza, "Vipi baba, umekuja kazini au msibani?"

Kazi yangu ni kupima madirisha ya wateja na kuandika oda. Juzijuzi nilipima ya ukumbi wa mikutano. Nilipima kwa umakini wote wa chuoni, bila kuzidisha hata unywele. Mapazia yalipotundikwa yakakaa bapa, yamekakamaa kama mabati. Upana wa dirisha ndio upana wa pazia! Nilisahau marinda, ile mikunjo inayokula kitambaa mara mbili ya dirisha.

"Mhandisi," Kengele akasema, mikono kiunoni, "hili pazia au ukuta?"

Mafundi walicheka mpaka cherehani zikasimama. Jina likanasa hapo hapo.

Nilijua nafukuzwa. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi nimekulia ndani ya marinda ya mapazia yako. Nilikuwa najificha humo, nawe unajifanya hunioni, unaiuliza cherehani, "Mtoto wangu kaenda wapi jamani?" Nimesahauje?

Nikakaa nikachora namna ya kuunganisha mapazia mawili kuwa moja, mshono ukiangukia ndani ya rinda usionekane. Yaliyopungua tukayashona kwa kitambaa kilichobaki. Kengele aliugeuzageuza mchoro wangu, akasema, "Kumbe shule nayo haikupotea bure."

Sasa mwenye karakana anataka kuniajiri, na anasubiri jibu. Shangazi, nataka kubaki. Ndiyo mara ya kwanza kuyaandika maneno haya.

Baba amesema Jumamosi anakuja kuliona daraja. Ameshalipiga pasi lile shati ulilomshonea. Nitamwambia ukweli Ijumaa, akishakula. Akikasirika atakupigia wewe kwanza, kama kawaida yake. Usinitetee sana. Mkumbushe tu jioni zile alipokuwa akitoka kazini na kukaa kwenye kigoda chako, akikutungia uzi kwenye sindano, akisema hakuna chumba kinachompumzisha kama kile. Labda naye amesahau, kama mimi nilivyosahau marinda.

Nisalimie bibi, na wale wapekuzi wawili. Mungu akulinde, akuachie macho yako ya kutunga uzi.

Ni mimi, mtoto wa nyuma ya pazia, anayekukumbuka sana.

Nilitaka kusahau: ukinihitaji usipige simu ya nyumbani, baba ndiye hupokea. Piga karakana, namba iko nyuma ya bahasha. Piga wakati wa chakula cha mchana, cherehani zikiwa zimenyamaza. Usiulize jina langu, watakwambia hawamjui mtu huyo. Uliza Mhandisi.