Chumba Kisicho na Mlango

Vero, mwanangu, mama yangu,

Nimekutumia ujumbe mara nyingi mpaka simu yenyewe imechoka kunionyesha kwamba umeusoma na hukujibu. Sikulaumu. Ila leo nakuandikia hadharani, kwenye ukurasa huu wa Waswahili wa Toronto ambao mama yako huupitia, kwa sababu moja tu. Nilikugombeza mbele ya watu, na aliyekosa mbele ya watu hawezi kwenda kuomba radhi pembeni. Najua Kiswahili unakisoma polepole. Ukikwama, mwulize mama yako. Naye namsalimu, ingawa salamu zangu huwa hazimfikii.

Unakumbuka Jumamosi ile ya kwanza? Ulikuwa na miaka kumi na minne. Theluji ilikuwa inaanguka kwa ubavu, bonde la Don halionekani kabisa kutoka dirishani kwetu ghorofa ya tisa, na mimi siku hiyo sikuwa na zamu. Ukanivuta mkono, ukanikalisha kwenye sofa, ukaniwekea kompyuta mapajani, ukasema, "Baba, leo unacheza na mimi. No excuses." Ukanitengenezea mtu wangu ndani ya ule mchezo, mtu wa vipande vya mraba, ukamvika kofia ya njano kama ya fundi. Ukanieleza kwamba dunia ile mko wengi, wewe na wenzako wa shule, kila mmoja kwao na kompyuta yake, lakini mle ndani mnakutana. Wenzako wote walishajenga nyumba zao. Wewe ulikuwa hujaanza. Ulikuwa unanisubiri mimi.

Nilijiona mfalme. Kabla ya kuja kubeba maboksi kwenye ghala la Downsview nilikuwa fundi mwashi Morogoro, na nyumba nilizozijenga zimesimama mpaka leo. Tangu nifike nchi hii hakuna mtu aliyewahi kuniomba niweke hata tofali moja. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza.

Ulitaka tukate miti tusimamishe kibanda upesi, maana giza likiingia mle mazimwi yanatoka. Nikakuambia nyumba haijengwi kwa pupa, kwanza kiwanja. Nikakutembeza kilima kwa kilima nikiuliza maji ya mvua yanakwenda wapi na upepo unatoka wapi. "Baba, huku hakuna mafuriko," ulisema. Nikakujibu kwamba waliojenga bondeni kwetu nao walisema hivyo hivyo. Mwishowe tukapata mahali juu ya mto, pazuri kweli, nikaanza kuchimba msingi.

Hapo ndipo ulipocheka mpaka ukashika mbavu. Kumbe mle nyumba haihitaji msingi. Tofali unaliweka hewani na linakaa. Ulinionyesha moja limening'inia peke yake kama halina akili, nikasema hayo ni mambo ya kwao, langu litaanzia chini. Nilichimba Jumamosi tatu. Rafiki yako mmoja akapita na mtu wake, akaandika kuuliza baba yako anafanya nini. Ukamjibu, "He's digging." Akauliza kwa nini. Ukaandika, "He's Tanzanian." Ulinisomea kwa sauti, nami nikakuambia umemjibu vizuri sana.

Mimi nikichimba, wewe ulichora ramani. Ulichukua daftari la hesabu lenye miraba, mraba mmoja tofali moja. Nilitaka kibaraza mbele, sebule kubwa, jiko la nje ili moshi usituharibie dari, na uwani pa kuanikia nguo. Uliandika yote bila kubisha, hata kamba ya nguo uliichora. Chai ya tangawizi ilipoa mezani na hakuna aliyeikumbuka. Sijui kama wewe ulifurahi. Mimi nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi hapa.

Wewe uliomba kitu kimoja tu. Nyuma ya nyumba, upande wa mto, ulichora chumba cha miraba mitano kwa mitano, dirisha moja, ukaandika jina lako katikati.

Nikakitazama kwa jicho la fundi. "Umesahau mlango," nikasema.

"Sijasahau."

Nikakuuliza utaingiaje. Ukanieleza kwamba utatoa tofali moja, utaingia, kisha utalirudisha nyuma yako. Nikacheka, nikaona ni utoto. Nikachukua penseli nikakuchorea mlango mzuri, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshachangamka, nikaona pia kwamba chumba kile kimekaa mahali pake hasa, hakipitiwi sebuleni, mgeni angeweza kutoka na kuingia bila kumsumbua mtu. Nikafuta jina lako, nikaandika "wageni". Nikakuambia chako tutakijenga mwisho, wewe ni mtoto wa nyumbani, huna haraka. Ulishika kifutio, ukakitazama, ukakirudisha kwenye mkebe.

Nisingecheka kama ningegeuza shingo kidogo tu. Sofa tulilokalia ndilo ulilokuwa unalalia. Blanketi lako lilikuwa limekunjwa nyuma ya migongo yetu. Nyumba yetu ile ya kupanga ina vyumba viwili, changu na chako, na katika miaka mitatu hukulala kwenye chako hata miezi sita. Alianza baba yako mdogo Kasiani, aliyekuja kwa wiki mbili akakaa miezi saba. Wakafuata wengine, wa kanisani, wa Dodoma, na yule mama Mkongo wa kwaya aliyekuwa anakuambia "merci sana, mwanangu" kila ulipompisha bafuni. Mtu wa kwetu akishuka Toronto hajui pa kwenda, anapewa namba yangu. Nami nilijivuna. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ile methali nyingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haikuwahi kutimizwa kwangu. Na jembe lenyewe ningelitoa wapi, kwenye maghorofa yetu ya Flemingdon Park?

Nilikuwa na sababu yangu. Nilipofika mimi, mtu asiyemjua baba yangu wala mama yangu alinitolea kitanda chake, yeye akalala chini. Nikaona sasa ni zamu yangu kufanya hivyo. Sikuona kwamba kitanda nilichokuwa nakitoa hakikuwa changu. Cha kwangu sikukitoa hata siku moja.

Mwisho wa ule mwezi wa ramani, mama wa kwaya alipata pake, chumba kikabaki kitupu. Ulirudi humo kimya kimya, ukabandika picha zako, ukazungusha taa ndogo ndogo dirishani. Ukawa unaimba ukioga. Wiki ya tano nikapigiwa simu, kuna mama na wanawe wawili hawana pa kulala, watoto wadogo, na baridi bado inauma. Nisingeweza kuwaacha. Na wewe usingekubali niwaache, nakujua. Ungesema waje, na pengine ungewapisha mwenyewe. Lakini sikukuuliza. Uliporudi kutoka shule ulikuta nguo zako zimo kwenye mifuko myeusi ya takataka, nimeipanga koridoni, na watoto wa watu wanaruka juu ya kitanda chako.

Siku zote mimi nakusemesha Kiswahili, wewe unanijibu kwa Kiingereza. Siku ile uliuliza kwa Kiswahili. "Baba, na mimi chumba changu kiko wapi?"

Yule mama akainamisha kichwa. Mimi nikaona unanitia aibu mbele ya mgeni. Nikakupandishia sauti, mkono kiunoni kama mwenye mji: "Huna adabu. Hapa huna chumba, una mahali pa kulala." Mgeni mwenyewe akakutetea, akasema, "Kaka, mwache mtoto, sisi tutalala hapa sebuleni." Nikamjibu, "Wala, dada. Ndivyo tunavyowalea."

Hukulia. Ulibeba mifuko yako ukaipanga nyuma ya sofa. Jumamosi iliyofuata nilifungua kompyuta nikakuita tuendelee na nyumba yetu, ukasema una kazi ya shule. Nikachimba peke yangu, na nikajiambia umri huo ndivyo ulivyo, utapita.

Mwezi wa sita shule ilipofungwa, mama yako alikuja kukuchukua uende naye Ottawa. Tangu tulipoachana, wewe ukiwa na miaka tisa, ulikuwa unakwenda kwake kila likizo, kwa hiyo sikushtuka. Asubuhi hiyo uliamka mapema, ukakunja mashuka na blanketi, ukaweka mto juu yake, pembeni ya sofa. Ukachomoa ufunguo kwenye mkufu wako ukauweka mezani. Nilidhani unaogopa kuupoteza safarini. Ukasimama mlangoni na begi lako, ukasema, "Asante kwa kunipokea, baba."

Vero, mdomo wangu umezoea. Nimewaaga watu wengi pale mlangoni, na kila mmoja alisema maneno hayo hayo, nami nilimjibu kila mmoja vile vile. Kabla akili haijafika, nilikuwa nimekwisha kukujibu, "Karibu tena."

Uliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. Lifti ikaja ukaingia. Nilikuwa bado nimeshika mlango niliposikia nilichokisema. Nimemwambia mwanangu karibu tena. Nilishuka ngazi mbio, ghorofa tisa, na miguu yangu hii, nikafika chini gari la mama yako linakata kona kuelekea Don Mills. Jirani aliyekuwa anasubiri basi aliniuliza kama kuna moto.

Mwaka umepita hujarudi, na nusu nyingine inakwisha. Yule mama na wanawe walihama kiangazi kile kile, wana kwao sasa, wanakusalimu. Chumba chako kitupu. Taa zako bado ziko dirishani, huwa naziwasha nikirudi, kisha nazima kwa sababu najionea haya.

Jumamosi bado naingia kwenye ule mchezo. Wenzako wamepungua, lakini yule aliyeuliza kuhusu kuchimba yupo, alinifundisha kutengeneza vioo. Nimeufukia msingi wangu wote. Sikujenga kibaraza, sikujenga sebule. Nimejenga chumba kimoja, upande wa mto, tano kwa tano, dirisha moja, na mlango sikuweka. Nilipomaliza nikajikuta nimesimama nje, na sikuthubutu kutoa tofali niingie. Nilichungulia tu dirishani. Ndani hamna kitu. Nilitaka nikuwekee kitanda nikashindwa, kwa sababu sijui ungependa kikae upande gani. Miaka kumi na minne nimekulea na hilo silijui.

Wiki iliyopita mtu wa kanisani alinipigia. Kuna baba mmoja ameshuka kutoka Iringa, hana mtu. Nikasema nitamtafutia pengine, kwangu hakuna nafasi. Akashangaa. "Kwani Vero si alihama?" Nikamwambia chumba kina mwenyewe. Akasema ataniombea. Yule baba nikampeleka kwa Kasiani, ambaye alinuna, halafu akampokea. Ndiyo mara ya kwanza kumnyima mtu pa kulala, na nililia njia nzima ya kurudi, mtu mzima ndani ya basi.

Juzi asubuhi, nimetoka zamu, sikufika chumbani kwangu. Nikajilaza kwenye sofa. Sijawahi kulala pale tangu nilinunue. Kuna chuma, Vero. Kiko katikati, kinakuja ubavuni, ukigeuka kinakufuata. Nilikunja blanketi nikatandika chini yangu, bado kinapita. Saa moja tu nilivumilia, nikaamka mgongo haunyooki. Wewe umelala pale miaka, na kila asubuhi nikikuuliza umelalaje ulinijibu, "Vizuri, baba." Nikawa nawasimulia watu kwamba nimejaliwa mtoto asiye na makuu. Mgeni ndiye anayejibu hivyo. Mtoto aliye kwao angelalamika.

Basi mwanangu, kama umefika hapa, nilalamikie. Nipigie simu uniambie habari ya chuma kile, ya mifuko ile, na ya mengine ambayo bado sijayajua. Sema kwa Kiingereza, sema kwa sauti, sema mbele ya watu ukipenda. Sitakukatiza.

Ni mimi,
baba yako