Mkasi wa Bati Umerudi

Mutua mwanangu,

Nakuandikia kwenye meza ile ile uliyokuwa ukija kuniwekea mkasi wa bati kila jioni. Nilizoea kukueleza mambo, na kufa kwako hakujaniponya tabia hiyo.

Ulipotoka hospitali ya wagonjwa wa akili, hakuna aliyekubali kukukopesha. Walisema pesa yoyote utakayoshika itaishia kwenye pombe ya chang'aa, na hawakusema uongo. Ulikunywa ili zile sauti kichwani zinyamaze. Ndipo nikawashawishi wazee wenzangu kanisani tununue mkasi wa kukatia bati, uuchukue asubuhi uende Kariobangi kutengeneza masanduku ya watoto wa shule, na jioni uurudishe kwangu hapa Umoja. Nikakueleza kwamba kukopa si kuazima. Ukikopa shilingi, unarudisha shilingi nyingine. Ukiazima, kinarudi kitu kile kile. Tena kwenye kukopa yuko anayekopa na yuko anayekopesha, lakini anayetoa na anayepokea wote wanaazima.

Ulicheka. "Sasa hapa nani ameazima nani, Mzee? Mimi nimepata mkasi, wewe umepata mtu wa kunywa chai naye."

Ilikuwa kweli. Mkasi ulikuwa kisingizio tu. Nilitaka kila jioni nione mikono yako kama inatetemeka. Siku ulizoteleza nilizijua kabla hujaketi: ulinisalimia ukiangalia ukuta, nisije nikanusa pumzi yako. Sikukuuliza. Nilimimina chai, tukazungumza bei ya bati, na kesho yake ulirudi.

Mpaka ile wiki ya shule kufunguliwa, masanduku yote yalipouzika. Jioni ile aliyeleta mkasi alikuwa mkeo. "Amesema kesho atakuja mwenyewe," Ndunge aliniambia. Asubuhi walikukuta nje kwa yule mama aliyekuwa akikuuzia chang'aa, umelala kifudifudi, umeshapoa.

Kitu kile kile kimerudi, Mutua. Wewe hukurudi. Nalirudia lile somo langu la kuazima, na halinisaidii kitu.

Wazee walitaka mkasi uuzwe. Walisema watu kama wewe hawasaidiki. Niliomba tu apewe Ndunge, kwa sababu watoto lazima wale. Amejifunza kukata. Pembe za masanduku yake zimenyooka kuliko zako, usinikasirikie. Jioni anauleta, anaketi kwenye kiti chako, ananiambia nani amelipa na nani amemzungusha.

Jana alichelewa. Aliweka mkasi mezani, akanisalimia akiangalia ukuta.

Nilikuwa nimeshika birika. Mwanangu, mimi nimezeeka. Sina nguvu ya kuanza tena. Nilimimina chai. Hakuinywa. Alipoondoka nilibaki nimesimama, nikikutafuta wewe nikuulize ni neno gani ambalo sikukuambia.

Lala sasa. Siwezi kukuahidi kwamba nitamwokoa, wewe sikukuokoa. Nakuahidi hili tu: kesho asubuhi atakuta mlango wazi na mkasi mezani, na jioni nitamngoja, hata akichelewa.

Ni mimi,
Mzee wako